Kamera zangu za sola zimezima baada ya kukosa uangalizi miezi minne: je, betri zake zinafufuka?

Mpangaji wa Bunju (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa betri za lithiamu kabla sijazitupa kamera nne au kuziharibu kabisa kwa pupa.

Mwezi Novemba mwaka jana nilifunga nyumbani, Bunju, kamera nne za ulinzi zisizo na waya. Tatu zina paneli ndogo ya sola. Ya nne ni kengele ya mlangoni yenye kamera, ambayo haina paneli na huchajiwa kwa waya kila baada ya wiki kadhaa. Zilifanya kazi bila shida hadi mwanzoni mwa Machi, nilipolazimika kwenda Songea kumuuguza mama, nikakaa huko hadi mwishoni mwa Juni. Kamera ya banda la kuku ndiyo iliyotangulia kupotea kwenye programu ya simu, kabla hata Machi haijaisha. Ya uani ikafuata wakati wa masika, kisha kengele, na ya getini ikazima wiki chache kabla sijarudi. Kijana anayenitunzia nyumba ana moyo wa kazi lakini anaogopa ngazi, kwa hiyo hakuna aliyezigusa.

Niliporudi nilizishusha zile tatu, nikazichomeka kwenye chaja ya simu usiku kucha. Ya getini iliwasha taa nyekundu kwa sekunde chache ikazima. Nyingine mbili hazikuonyesha dalili yoyote. Kengele sijaichaji, kwa sababu kifuniko chake cha nyuma kimeinuka kidogo, kana kwamba kuna kitu kinakisukuma kutoka ndani. Fundi mmoja wa simu ameniambia nimpelekee zote "azishtue" kwa betri ya gari, nami nikasita. Je, njia hiyo ni salama? Na nitajuaje betri ipi bado ina uhai na ipi imekwisha?

Kisiki Kavu

Pole kwa kuuguza. Kabla ya yote, je, una mita ya kupimia volti? Bila mita, sote hapa tutakuwa tunapiga ramli.

Mpangaji wa Bunju

Ninayo ile ya bei nafuu ya kidijitali. Naweza kupima volti, lakini mengineyo siyajui vizuri.

Fundi Mita

Inatosha kabisa, na umefanya vyema kusita.

Naanza na kengele kwa sababu ndiyo ya hatari. Kifuniko kilichoinuka maana yake ni kwamba betri bapa iliyomo ndani imevimba kwa gesi, na betri iliyovimba haichajiwi, haibanwi wala haitobolewi. Itoe kwa upole, funika ncha za waya zake kwa utepe, kila waya peke yake, kisha uiweke ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba. Hiyo haina cha kufufua. Itatafutiwa mbadala wa ukubwa uleule.

Kuhusu kushtua kwa betri ya gari, naomba uikatae kabisa. Seli moja ya lithiamu ya aina hiyo ina volti 3.7 za kawaida na haipaswi kuvuka 4.2 inapojaa. Ukiigusisha na volti 12 hakuna kitu kinachozuia kasi ya umeme unaoingia. Seli hupata joto ghafla, hutoa gesi, na wakati mwingine hushika moto mkononi mwa fundi. Wapo waliofanya hivyo wakafanikiwa, sikatai, kama wapo waliovuka barabara wamefumba macho wakafika.

Sasa kwa zile tatu zenye paneli. Zifungue, na bila shaka utakuta ndani seli za duara za 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, mbili au zaidi zikiwa zimeunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na juu yake kibao chembamba cha saketi kilichofunikwa kwa plastiki. Kibao hicho ni mlinzi: volti za seli zinaposhuka hadi karibu 2.4 au 2.5, hukata njia ili zisikamuliwe zaidi. Ndiyo maana ukipima kwenye waya unaweza kusoma sifuri ukadhani betri imekufa, kumbe seli zenyewe bado zina umeme nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo pima mara mbili: kwanza kwenye waya zinazoingia kwenye kamera, kisha moja kwa moja kwenye ncha za seli, kabla ya kibao.

Ukisoma 2.5 au zaidi kwenye seli, zinafufulika. Kati ya 2.0 na 2.5, unaweza kujaribu polepole ukiwa umekaa karibu. Chini ya 2.0, kwa seli zilizolala hivyo kwa miezi, mimi huziacha, kwa sababu katika hali hiyo shaba iliyo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na ukija kuchaji hujiganda upya mahali pasipo pake na kuunganisha chanya na hasi kwa ndani. Seli ya namna hiyo inaweza kupokea chaji leo na kukuunguzia nyumba baadaye.

Za kufufua, tumia kibao kidogo cha kuchajia cha TP4056, kinachopatikana kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki pale Kariakoo. Kinapewa volti 5 za chaja ya simu, kinakomea kwenye 4.2, na seli ikiwa chini ya takribani 2.9 huanza kwa kuidondoshea umeme kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya kasi yake ya kawaida. Chomelea waya zake kwenye waya za betri, nje ya kibao cha ulinzi, na mara nyingi mlinzi huamka mwenyewe akiona chaja. Fanya kazi hiyo juu ya sakafu ya saruji, mchana, na uguse seli kila baada ya muda. Zikipata joto zaidi ya vuguvugu, chomoa.

Mzee wa Redio

Vijana mnajitaabisha. Sisi tulikuwa tukianika betri za redio juu ya bati, na jioni taarifa ya habari ilisikika hadi mwisho. Aanike siku mbili tu.

Kisiki Kavu

Mzee, shikamoo. Nakumbuka, na mimi nimetumwa sana kuzianua mvua ikinyesha. Lakini zile zilikuwa betri kavu za zinki: joto liliharakisha kemikali iliyobaki ikatoa nguvu yake ya mwisho, halikuziongezea umeme mpya. Hizi za lithiamu joto linazizeesha, na bati la Bunju saa nane mchana ni mahali pabaya kupita pote.

Mzee wa Redio

Marahaba. Basi nimeelimika, asianike.

Mpangaji wa Bunju

Wakuu, narudi na majibu baada ya siku tatu.

Ya getini imenishangaza: kwenye waya ilisoma volti 3.2, yaani betri haikuwa imekufa. Tatizo lilikuwa tundu la kuchajia. Mwenyewe niliacha kizibo chake cha mpira wazi siku ya kufunga, na hewa ya chumvi ikaota kutu ya kijani ndani. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki laini, nikaacha ikauke, sasa inachaji na imerudi kwenye simu.

Ya uani ilisoma sifuri kwenye waya na 2.7 kwenye seli, sawasawa na alivyoeleza Fundi Mita. Kwa kibao cha TP4056 iliamka ndani ya dakika chache na imefika 4.18. Ya banda la kuku seli zote mbili zimesoma 0.8. Kengele imeshakwenda kwenye kopo la mchanga; betri yake imevimba kama andazi.

Nina maswali mawili: nitajuaje kama hii ya uani imepona kweli, na ninunue seli gani kwa ajili ya banda la kuku?

Fundi Mita

Ya uani ichomoe kwenye kamera, iache mezani juma zima, kisha pima. Ikibaki 4.1 na kitu, irudishe kazini. Ikishuka chini ya 4.0 bila kutumika, inavuja kwa ndani, usiihurumie.

Katika kununua, jihadhari na maandishi. Seli ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9900 ni ya uongo. Zile nzuri za kawaida huwa kati ya 2500 na 3500. Mizani ya jikoni itakusaidia, kwa kuwa seli halisi huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na ya gramu 30 jiulize imejazwa nini. Nunua zilizokwisha kubandikwa vibati vya nikeli, kwa sababu kuchomelea risasi moja kwa moja kwenye seli huipikia viungo vya ndani. Kabla ya kuziunganisha, hakikisha zote mbili zina volti sawa, la sivyo iliyojaa itamiminia nyenzake umeme kwa kasi isiyofaa. Kile kibao cha ulinzi cha zamani kipime, na kama kizima kitumie tena.

Binti Sayari

Samahani kwa kuingilia mafundi, lakini naona mmeshughulikia ugonjwa bila kuuliza chanzo. Kaka, paneli ya banda la kuku umeifunga upande gani wa ukuta?

Mpangaji wa Bunju

Ukuta wa kusini, dada. Novemba palikuwa na jua la kutosha, nilipapima kwa macho siku nzima.

Binti Sayari

Nilidhani hivyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Novemba jua la mchana lilikuwa upande wa kusini wa utosi wako, kwa hiyo ukuta ule uliangaziwa. Mwanzoni mwa Machi jua huvuka kwenda kaskazini na halirudi hadi Oktoba. Mwishoni mwa Juni saa sita mchana liko kama nyuzi 30 kaskazini mwa utosi. Paneli yako imekaa kivulini tangu ulipoondoka, huku kuku wakipita mbele ya kihisi mwendo kutwa na kuiamsha kamera irekodi. Betri mpya nayo itakwisha vivyo hivyo. Ipandishe juu ya paa, ilaze kidogo tu kuelekea kaskazini ili mvua iioshe vumbi, na kwenye programu punguza wepesi wa kihisi au zima kurekodi saa ambazo kuku wako nje.

Mpangaji wa Bunju

Sikuwahi kulifikiria hilo hata mara moja, na inaeleza kwa nini ndiyo iliyotangulia kuzima. Paneli nimeihamisha leo asubuhi. Waya wake ulipungua, nimeongeza mita mbili. Seli nitazifuata Jumamosi nikiwa na mizani mfukoni. Naomba tu kuthibitisha: plagi ndogo ya betri mpya ikiingia vizuri kwenye tundu la kamera, inatosha?

Fundi Mita

Haitoshi. Plagi hizo zinafanana umbo lakini wengine huweka chanya kushoto na wengine kulia. Kabla ya kuchomeka, pima betri ya zamani na mpya kwa mita, waya kwa waya, kwa kuwa rangi nyekundu na nyeusi nazo hudanganya. Zikipishana, chomoa vipini vya plagi kwa sindano uvibadilishane nafasi, kimoja kimoja, visigusane.