Vitabu vya sikukuu mezani vinaisha, rafuni watoto wanapotea. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Awali

Habari zenu wote. Nafundisha watoto wa miaka mitano na sita. Wako 26, na mara moja kwa wiki tunapata nusu saa ya maktaba. Kila sikukuu inapokaribia nina kawaida yangu: natafuta vitabu vyote vya picha vya sikukuu hiyo, navisimamisha mezani karibu na mlango, majalada yakiwaelekea watoto. Wakiingia ni shangwe tupu. Safari hii nilipata vitabu 11.

Hazikupita dakika tano, meza ikawa nyeupe. Watoto 15 wakabaki wananitazama. Mmoja wao, binti mpole asiyesema sana, akaniuliza, "Mwalimu, vingine vinakaa wapi?" Nikamwonyesha rafu kwa kidole. Akaenda, akasimama, akachomoa kitabu kimoja, akatazama jalada, akakirudisha kichwa chini miguu juu, mgongo umeingia ndani. Akachomoa kingine, hivyo hivyo. Baada ya cha nne akarudi akaketi.

Jambo hilo limenikaa moyoni. Miaka yote hii nimekuwa nikiwatafutia mimi, wao hawajatafuta hata siku moja. Nataka hamu hii ya sikukuu iwafundishe maktaba yenyewe: kitabu kinakaa wapi, kinatolewaje, kinarudi vipi. Lakini naogopa nikileta herufi na namba nitaizima furaha yao. Wengi wanazijua herufi. Wanaosoma sentensi nzima hawafiki kumi. Mngekuwa mimi, mngeanzia wapi?

Mkutubi wa Watoto

Mwalimu, binti huyo ameuliza swali ambalo sisi wakutubi tunatamani kila mtoto aulize. Safari ijayo usimjibu kwa kidole, mshike mkono mwende.

Huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii. Ningeanza kwa kupunguza meza. Acha vitabu vitatu tu hapo juu, vilivyobaki virudi rafuni mahali pake halisi, na kila kimoja kibandike kidoa cha rangi mgongoni. Furaha haitazimika. Mtoto akijua kuna kitu chake kimejificha kati ya vingine, macho yake huwa makali kuliko ya mtu mzima.

Kisha vitabu vya sikukuu vina jambo ambalo mimi nalipenda kupita kiasi: sikukuu moja ina makao mawili, hata matatu. Hadithi ya kubuni, tuseme ya mnyama mdogo aliyepotea usiku wa kuamkia Krismasi, inakaa kwenye vitabu vya picha, kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo la mwandishi. Kitabu kinachoeleza Krismasi husherehekewaje kiko upande wa vitabu vya maarifa. Maktaba zinazofuata mpangilio wa Melvil Dewey, ule alioutoa mwaka 1876 wa kuipa kila mada namba yake, huweka sikukuu kwenye namba 394.26. Kitabu kikielemea ibada kinahamia namba za mia mbili, kwenye dini. Cha Idi, kwa mfano, unaweza kukikuta kwenye 297 pamoja na vingine vya Uislamu. Haya ni yako wewe, usije ukapotea mbele yao. Watoto wa miaka mitano hawahitaji nukta na desimali.

Wao wape hivi. Shika vitabu viwili vya sikukuu ileile, kimoja hadithi, kingine chenye picha za kamera. Soma kurasa mbili za kila kimoja. Uliza: kipi mtu amekitunga, na kipi kinatueleza mambo yalivyo? Waache wabishane, usiwakatize. Nimewahi kusikiliza ubishi wa robo saa kuhusu kama sungura anayeongea anaweza kuingia kwenye kitabu cha mambo ya kweli. Anaweza, maana kuna vitabu vya maarifa vinavyosimuliwa na mnyama, na hapo ubishi ndipo unapokolea. Wakitulia, waonyeshe migongo: hiki kina herufi, hiki kina namba. Hiyo ndiyo anwani ya kitabu. Tembeeni nyote mkakirudishe kila kimoja kwake. Nusu saa itakuwa imekwisha, na siku hiyo usiongeze lingine lolote.

Mwalimu Mstaafu

Namuunga mkono mkutubi, ila mimi ningerudi nyuma hatua moja. Yule binti alikwama mikononi kabla hajakwama kwenye herufi. Mtoto asiyejua mgongo wa kitabu ni upi atasomaje lebo iliyobandikwa mgongoni?

Kata vipande vya boksi gumu, urefu wa rula, upana wa vidole vitatu. Kila mtoto apambe chake kwa michoro ya sikukuu na kukiandika jina. Hicho ni kijiti chake cha rafu. Anapovuta kitabu, kijiti kinaingia kwenye pengo. Akikitazama kitabu na kukikataa, kinarudi penye kijiti, mgongo nje, kisha kijiti kinatoka. Niliwafanyisha zoezi hilo bila kusoma kitabu chochote, wiki nzima. Wenzangu waliona napoteza muda. Darasa lile halikuacha rafu imevurugika mpaka mwisho wa mwaka.

Na wafundishe kuvuta kitabu kwa kukishika katikati ya mgongo, huku wakivisukuma kidogo ndani vile viwili vya pembeni. Wakikivuta kwa ukingo wa juu, ndipo migongo inapochanika. Vitabu vya sikukuu huumia kuliko vingine vyote kwa sababu vinagombaniwa wiki mbili, tatu, halafu vinasahaulika mwaka mzima vikiwa na kurasa zilizolegea.

La mwisho ni la jalada. Wasomee majina mawili kila mara: mwandishi na mchoraji. Tafuta vitabu viwili vya sikukuu moja vilivyochorwa na watu tofauti, kimoja kwa rangi za maji, kingine kwa karatasi zilizokatwa na kubandikwa. Watoto hugundua wenyewe kwamba usiku uleule unaweza kuwa wa buluu kwa mmoja na wa zambarau kwa mwingine. Siku hiyo neno "mchoraji" linapata mtu ndani yake.

Babu Msomaji

Mimi si mwalimu. Nampeleka mjukuu wangu maktaba kila Jumamosi. Wenzangu mmesema ya kutafuta na kurudisha. Naomba niongeze la kungoja.

Mwaka jana alikitaka kitabu fulani cha Idi, tukakuta kimeazimwa. Alilia. Mkutubi akamwonyesha jinsi ya kuandikisha jina, na akamwambia tarehe ambayo aliye nacho anapaswa kukirejesha. Tukaiwekea duara kwenye kalenda ya ukutani. Kila asubuhi alikata siku moja. Kitabu kilipokuja alikisoma mara tatu, na siku ya kukirudisha ndiye aliyenikumbusha mimi, kwa sababu alijua kuna mtoto mwingine anayekata siku kwenye kalenda yake.

Kwa hiyo walimu, kalenda nayo ni somo la maktaba. Krismasi ni 25 Desemba, haisogei. Pasaka, kwa wanaofuata kalenda ya Gregori, huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Mtoto akielewa hilo ataelewa kwa nini kitabu cha Idi huwezi kukiomba kwa kukariri mwezi wa mwaka uliopita. Na si lazima kila mtoto asome cha sikukuu ya kwao. Mjukuu wangu alijifunza herufi K rafuni akikifuata kitabu cha mwaka mpya wa watu wa mbali kabisa.

Mwalimu wa Awali

Shikamoo babu, na asanteni wote. Narudi na habari baada ya wiki tatu.

Wiki ya kwanza nilifanya vijiti peke yake, kama mwalimu mstaafu alivyoshauri. Vitatu vilikunjika, nikagundua boksi langu lilikuwa laini. Wiki ya pili, vitabu viwili na ubishi. Walikubaliana haraka, kama nilivyoogopa, basi nikawauliza yule sungura wa mkutubi, darasa likagawanyika nusu kwa nusu. Wiki ya tatu niliacha vitatu mezani na vinane rafuni vikiwa na vidoa.

Wanne walichanganya M na N, nikalazimika kuchora herufi hizo kubwa kwenye kadi na kuzitundika rafuni. Wawili walifuata rangi tu bila kutazama herufi kabisa. Nafikiri wiki ijayo nitaviondoa vidoa kwenye nusu ya vitabu. Lakini yule binti alisimama mbele ya rafu, akaweka kijiti, akavuta kwa katikati ya mgongo. Hakikuwa cha sikukuu. Akakirudisha penyewe, mgongo nje, akasogea kitabu kinachofuata. Cha tatu kilikuwa chenyewe.

Sasa mkutubi, binti huyo kaniachia swali. Amekuja na kitabu cha hadithi za zamani za sikukuu, jaladani hakuna jina la mwandishi, wala kwenye ukurasa wa jina. Anauliza kinakaaje rafuni bila mwenyewe.

Mkutubi wa Watoto

Mwambie kitabu kisicho na mwandishi kinasimama kwa jina lake chenyewe. Atazame neno la kwanza la jina la kitabu, herufi ya kwanza ya neno hilo ndiyo anwani. Ila kama lebo ina 398.2, hizo ni ngano na hadithi za mapokeo, zina rafu yake upande wa namba. Mpeleke akaione, zinakaa pamoja, na wengi wa waliozisimulia kwanza hawakuandika majina yao.