Duka la unga kupewa leseni ya bia, sisi wakazi tumeulizwa lini?

Kona ya Kimara
Wakuu tujadili hili bila matusi. Mtaani kwetu upande wa Kimara kuna duka la kawaida kabisa, unga, mafuta ya kupima, vocha, sabuni ya kipande. Likaletewa friza la kampuni ya bia, tukasema sawa labda ni la soda. Haikupita muda leseni ya vileo imebandikwa ukutani, viti vya plastiki vipo nje na spika moja kubwa kama kabati la nguo. Nimeenda kwa mtendaji ananionyesha muhtasari wa kikao umeandikwa wakazi hawana pingamizi. Mkazi gani? Naishi nyumba inayotazamana na hilo duka, hakuna aliyenigongea mlango. Sasa swali, halmashauri kutoa leseni za pombe kwa maduka ya mtaani ni sawa au duka liuze vya duka na baa iwe baa?

Chambua
Kasome hiyo karatasi ya ukutani imeandikwa leseni ya aina gani. Sheria ya Vileo ya 1968 inatenganisha anayeuza ya kunywea hapo hapo na anayeuza ya kuondoka nayo. Nina uhakika huyo kaomba ya kuondoka nayo, viti kajiongezea mwenyewe. Kwa hiyo wa kubanwa ni yeye, leseni haina kosa.

Dogo wa Tabata
Wazee mna stresi. Mtu kanywa bia zake mbili nje ya duka kaenda kulala, wewe umepungukiwa nini? Mbona Masaki supamaketi inauza mvinyo mchana kweupe, pembeni ya maziwa ya watoto, na hakuna aliyeitisha kikao. Ikija kwa mangi wa uswahilini ndo maadili yanaporomoka.

MamaWawili
Nimepungukiwa usingizi mdogo wangu. Mwanangu yuko la nne nikimtuma chumvi anarudi anajua majina ya bia kuliko majina ya mikoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, haya, kwenye duka ambalo nusu ya wateja ni watoto waliotumwa nani anasimamia? Mtoto anaambiwa kampelekee baba anabeba. Na viroba, zile pombe kali za pakiti, walivyopiga marufuku 2016 tuliambiwa vijana wamepona, leo vitu vile vile vipo kwenye vichupa vidogo.

Chambua
2017 dada. Majaliwa alitangaza Februari alipokuwa waziri mkuu, ikaanza Machi mosi. Na kilichokatazwa ni kile kifuko cha plastiki, pombe yenyewe ilibaki halali ndo maana ikahamia kwenye chupa.

MamaWawili
Asante kwa tarehe mwalimu. Mtoto bado anapita hapo hapo.

Mama Grosari
Ngoja na sisi tunaouza tuseme maana mnatuongelea kama majambazi. Mnajua faida ya mfuko wa sukari wa kilo 50 ukiupima robo robo? Hela ya nauli. Unga ndo usiseme, na wateja wenyewe daftari la madeni limejaa majina yao, hao hao wanaokuja huku kuandika maadili. Kreti ya bia inalipwa keshi haikopwi, hiyo ndo imesomesha wanangu wawili. Nalipa leseni ya biashara, nalipa ya vileo mbali, TRA, taka, zimamoto. Mimi nafunga mapema na muziki sipigi. Msitukusanye wote kapu moja.

Mwenyenyumba55
Nimesoma kimya kimya nikaona niulize. Mleta mada, hiyo nyumba ni yako au umepanga? Maana kelele nyingi za mitaani zinatoka kwa wapangaji, kalipa kodi ya miezi mitatu anataka kupanga mtaa uweje, mkataba ukiisha anapakia godoro kwenye guta hayupo. Sisi tuliojenga hapo bado pori ndo tunaoulizwa. Na huko kwetu nilisaini mimi, fremu ni yangu, sifichi.

Kona ya Kimara
Nimepanga ndiyo, mwaka wa saba huu, kwa hiyo? Mkutano wa mtaa ni wa wakazi, sio wa wenye hati. Novemba 2024 nilipiga kura ya serikali za mitaa sikuulizwa kiwanja kina namba gani.

Bibie Sinza
Eti anapakia godoro 😂 Baba mwenye nyumba hebu tulia nikuulize. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Umeme wa hiyo nyumba nani ananunua? Mimi. Nikikudai unirudishie simu inakuwa haina mtandao. Yaani kodi ya nyumba yako nikulipie mimi, halafu ikija habari ya spika chini ya dirisha langu mimi ni mpita njia?

Mwenyenyumba55
Buku jero kwa mwezi unataka uwe mmiliki mwenza? Si ungejenga yako basi.

Bibie Sinza
Ningejenga ningekuwa na roho kama yako? Hapana baki nayo.

Dogo wa Tabata
Hapa nimeagiza karanga kabisa, endeleeni

Kijana wa Mbagala
Bibie yuko sahihi kwenye LUKU. Sisi tupo wapangaji watano mita moja, kila anayenunua umeme mwanzo wa mwezi ndo anakatwa, tumefikia hatua ya kuviziana nani atatangulia kununua, tunalala giza siku mbili. Mwenye nyumba tukimwambia anasema hayo ni mambo ya serikali. Hela ya kodi yake hasahau ila.

Mwenyenyumba55
Wekeni mita zenu kila mtu ya kwake.

Kijana wa Mbagala
Kwenye nyumba yako? Kwa hela yangu? Halafu nikihama naing'oa naweka kwenye guta?

Fundi Spika
Jamani tumetoka kwenye bia tupo kwenye mita. Mimi ndo nafunga hizo spika sehemu nyingi tu niwaambie ukweli, shida sio ukubwa, shida ni inaelekea wapi. Wengi wanataka iangalie barabarani ili ivute wateja, ukimwambia geuza iangalie kaunta anaona unamharibia biashara. 2022 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walivyofungia mabaa kwa kelele ghafla kila mtu ananipigia nije nigeuze, mara nijaze magodoro ukutani, sikupata hata muda wa kula. Yakapoa wakageuza wenyewe zikarudi barabarani.

Mtumishi Mstaafu
Vijana nimekaa kwenye haya mambo miaka mingi naomba niwaeleweshe kidogo. Leseni ya vileo haitolewi ya mwaka mzima kama ya biashara, ni ya miezi sita, Aprili mpaka Septemba halafu Oktoba mpaka Machi, kila kipindi mtu anahuisha. Siku hizi inaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI lakini maoni ya mtaa na kata bado yanahitajika, na hapo ndipo mchezo ulipo kwa sababu muhtasari unaweza kuandikwa na watu wachache waliokaa kwenye benchi na waliobaki wakasikia muziki tu. Halmashauri nayo inaangalia mapato ya ndani, leseni iliyokataliwa ni hela haijaingia, na hakuna ofisa anayeulizwa kwa nini umetoa, anaulizwa kwa nini hujafikisha lengo. Kwa hiyo pingamizi lipelekwe kwa maandishi kabla ya kuhuisha, watu wengi wasaini, nakala iende kwa diwani. Ukienda mwenyewe unaonekana una ugomvi wako na jirani.

Dogo wa Tabata
Mzee mstaafu na enzi zenu hizo "soda" za kupitishia leseni mlikuwa mnakunywa za bei gani?

Mtumishi Mstaafu
Kijana mimi sijawahi kunywa soda ya mtu. Heshimu umri.

Dogo wa Tabata
Shikamoo mzee. Sijajibiwa lakini.

Chambua
Muacheni mzee kaongea la maana kuliko sisi wote. Mwenyenyumba55 nina swali moja tu, umesema ulisaini kwamba hakuna pingamizi. Wewe unalala hapo hapo?

Mwenyenyumba55
Hilo linahusiana nini na mada

Chambua
Linahusiana. Unalala hapo au hulali?

Mwenyenyumba55
Nilihamia Kibaha nilivyomaliza nyumba ya huko. Lakini mali ni yangu na wapangaji wangu nawafahamu.

Bibie Sinza
😂😂😂 KIBAHA. Wajameni aliyesaini hakuna pingamizi yuko mkoa mwingine.

MamaWawili
Ndo maana mihutasari yote inasema wakazi wameridhia. Wameridhia kutokea Pwani.

Mwenyenyumba55
Cheka. Hiyo fremu ikikaa wazi miezi minne hakuna atakayenilisha. Mwenye duka akiuza unga peke yake kodi yangu hafikishi, alishaniambia. Ninyi mnataka mtaa kimya, mimi nalipwa na huyo anayepiga kelele. Tusidanganyane.

Mama Grosari
Angalau huyu kasema ukweli. Na fremu mnapandisha kila mwaka, halafu mtu akiongeza bia afidie mnashangaa.

Kona ya Kimara
Sawa. Kipindi kijacho cha kuhuisha kinaanza Oktoba, barua naiandika mimi. Hoja ni viti, spika na watoto, sisemi duka lifungwe. Walio mtaa wetu tutafutane tusaini.

MamaWawili
Mimi nasaini ila mkataba wa nyumba una jina la mume wangu, na yeye ndo anakaa kwenye hivyo viti.

Mwenyenyumba55
Msisahau kuambatanisha hati za nyumba.

Bibie Sinza
Tutaambatanisha risiti za LUKU.

Dogo wa Tabata
Baba mwenye nyumba samahani, hapo pembeni hakuna fremu nyingine iko wazi? Nataka kuweka meza ya puli.

Mwenyenyumba55
Ipo. Kodi miezi sita, hatupunguzi.