Mtoto hataki kuongea na baba ake, nifanyeje?

Mama_Wete: Salaam aleikum. Baba wa mwanangu yuko Uingereza, tushaachana zamani, juzi katwambia sasa anaishi kama mwanamke na jina kabadilisha. Mtoto miaka 10, kwanza alikuwa akigombania simu, leo ikilia anakimbilia uani, ananambia "sasa nimwite nani?" Nshamkataza kuhadithia watu.

Yakhe_Michenzani: Dini yetu hairuhusu hayo, kata simu basi.

Bi_Chake: Yakhe, mwenzio kauliza habari ya mtoto. Mama, muulize huyo baba mwenyewe anataka aitweje, wengine wanabaki "baba" hivyo hivyo. Na siri usimbebeshe peke ake, mtafutie hata khaloo mmoja wa kumwambia, najua barazani kwetu maneno yanavyopaa lakini mtoto atapasuka.

Nesi_Unguja: WHO, Shirika la Afya Duniani, walishaitoa hali hii ya kujihisi wa jinsia nyingine kwenye magonjwa ya akili tangu 2019, kwenye orodha yao ya magonjwa, ICD-11. Mwambie hajasababisha yeye, watoto hujilaumu sana kimyakimya. Simu asilazimishwe, aanze na voisi.

Mama_Wete: Katuma voisi leo, hata salamu hakutoa, kauliza tu viatu vya mpira vya sikukuu vipo au havipo 😅