Tupeane uzoefu: paka wazee, tezi ya shingoni na figo

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa yaliyowapata wenye paka waliovuka miaka kumi, kwa sababu wengi wetu tukiona paka mzee anakonda tunasema ni umri, tunaishia hapo. Naanza na langu.

Zabibu alizaliwa stoo kwetu Tabata. Alipofikisha miaka 13 alianza kula kama aliyeshinda njaa: akimaliza sahani yake anadai ya kwangu, na usiku wa manane anazunguka sebuleni akilia. Nilidhani hamu ile ya kula ni dalili ya afya. Siku moja nilimpitishia kiganja mgongoni nikahisi pingili za uti wa mgongo, moja baada ya nyingine. Nilimtia kwenye kikapu nikampeleka kwa Mangi wa mtaani, akatupimia kwenye mzani wa mchele: kilo 3.1 baada ya kutoa kikapu. Kwenye kadi yake ya chanjo ya miaka miwili nyuma iliandikwa kilo 4.4.

Mtaalamu wa kwanza alimpa dawa ya minyoo akaturudisha nyumbani. Wa pili alimpapasa koo kwa vidole viwili, akakuta kivimbe kidogo kama punje ya choroko, akasikiliza moyo uliokuwa ukipiga zaidi ya mara 240 kwa dakika, kisha akatoa damu ili ipimwe homoni ya thairoidi, tezi hiyo ya shingoni, yaani T4, pamoja na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja. T4 ilikuwa juu sana, kreatinini ilikuwa ya kawaida. Nilimshukuru Mungu kwamba figo ni nzima, lakini daktari akaniambia nisubiri.

Alinieleza jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike hapa. Homoni hiyo ikizidi, moyo husukuma damu kwa kasi na figo hupitisha damu nyingi kuliko kawaida, hivyo hata figo zilizochoka huonekana zinafanya kazi vizuri. Tena kreatinini hutokana na misuli, na paka aliyekonda hana misuli ya kuizalisha. Homoni ikishushwa kwa dawa, figo hubaki na nguvu zake halisi, na hapo ugonjwa uliojificha hujitokeza. Kwa hiyo alianza na dozi ndogo ya methimazoli, dawa ya kushusha homoni hiyo, asubuhi na jioni, akasisitiza turudi baada ya wiki tatu tupime vyote viwili. Tuliporudi, T4 ilikuwa imeshuka na kreatinini imepanda.

Nilitaka kuacha dawa siku ile ile. Daktari alinikatalia, kwa kuwa tezi ikiachwa ivurugike huumiza moyo, hupandisha shinikizo la damu na huziharibu figo hizo hizo. Tulipunguza kidogo dozi, tukabadilisha chakula kiwe chenye fosforasi ndogo. Dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao iliyojaa fosforasi, waliondoka jikoni kwangu.

Kutoka Kigamboni:
Pole sana, dada. Wangu alikuwa na ugonjwa wa figo peke yake. Nilishtuka nilipomkuta anaramba maji ya sakafu ya bafuni ilhali bakuli lake limejaa, na mabonge ya mkojo kwenye mchanga wake yalikuwa makubwa kama ngumi. Tulichelewa, maana kreatinini huwa haipandi mpaka takriban asilimia 75 ya uwezo wa figo imepotea. Daktari alinifundisha kumwekea dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvichumvi, chini ya ngozi nyumbani. Mfuko nilikuwa nikiupasha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha nautundika kwenye msumari wa chandarua, namkalisha mapajani, navuta ngozi ya mabegani juu kama hema dogo, naingiza sindano. Mililita 100 zilimwachia nundu laini begani, na kufikia asubuhi ilikuwa imenywea. Mkono ulinitetemeka wiki nzima ya kwanza. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa akilala wakati wa dripu. Tuliishi hivyo miezi 14.

Kutoka Sinza:
Mimi naongezea shinikizo la damu, ambalo huja na magonjwa yote mawili. Wetu aliamka akigonga miguu ya viti, mboni zimepanuka hata kwenye jua la mchana. Alipewa amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo, lakini uwezo wa kuona ulirudi kidogo tu. Ombeni lipimwe mapema.

Kutoka Mbagala:
Dada wa Tabata, kidonge unampaje? Na madhara ya dawa umeyaona?

Jibu langu:
Ndugu yangu, nakifinyangia ndani ya kitonge kidogo cha samaki wa kuchemsha, kisha namfuatishia kitonge kingine kitupu ili asikiteme. Sikisagi, na nanawa mikono kila mara. Mdogo wangu aliye mjamzito nimemkataza kabisa kukishika. Wiki ya kwanza Zabibu alitapika mara mbili, ikakoma. Niliambiwa akianza kujikuna uso mpaka damu, au akikataa chakula, nisimamishe dawa nimpigie daktari siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu za binadamu hazikaribii nyumba yangu, hasa parasetamoli, inayoua paka.

Jumamosi iliyopita mzani wa Mangi ulisoma kilo 3.6. Damu tutapima tena mwezi ujao, T4 na kreatinini kwa pamoja.