Krismasi ya Wamoldova ni lini hasa?

Shem_wa_Likoni: Wakuu habari. Dadangu kaolewa na Mmoldova, wako Chișinău, mji mkuu wa Moldova huko Ulaya, Disemba hii waja Mombasa. Sasa shemeji aniambia Krismasi kwao ni 7 Januari lakini binamu zake hula 25 Disemba. Mbuzi nichinje lini jamani?

BahariaMstaafu: Yakhe wote wasema kweli. Waorthodoksi wengi huko wafuata kalenda ya zamani, iko nyuma siku 13, ndo hiyo 7 Januari, ila tangu 2013 serikali imetambua na 25 Disemba so kuna wanaosherehekea mara mbili 😂 Nimefanya kazi melini nao. Kabla ya Krismasi wenye kushika dini wafunga siku 40, nyama mayai maziwa hawagusi, halafu siku yenyewe ndo sarmale, nyama na mchele vimekunjwa ndani ya majani ya kabichi. Mara nyingi ni nguruwe, kwa hivyo kama nyumbani kwenu ni mchanganyiko ongeeni mapema.

MamaKongowea: Mie napenda mkesha wa mwaka mpya wao, vijana wazunguka nyumba kwa nyumba na mbuzi wa mbao, wavuta kamba taya lagonga tak tak tak, na kipipa cha ngozi chenye singa za farasi, ukizivuta changuruma kama fahali. Asubuhi watoto waja kurusha nafaka ndani ya nyumba, baraka hiyo, wapewa pesa na peremende. Kufagia sijui kazi ya nani!

Shem_wa_Likoni: Shukran. Basi Disemba mbaazi za nazi, mbuzi angoje 7.