Kisogo bapa upande mmoja, mtoto wa miezi 5: helmeti au mazoezi?

Mama Nyalenda
Habari zenu. Mtoto ana miezi 5, kisogo kimekuwa bapa upande wa kulia, na akilala hugeukia huko huko. Jirani anasema nitafute helmeti ya kurekebisha umbo la kichwa kabla mfupa haujakomaa. Nianzie wapi? Na hili joto la Kisumu, ataivumilia kweli?

Fizio wa watoto (mtaalamu wa tiba ya mazoezi)
Anzia shingoni, mama. Mtoto asiyependa kugeuka kushoto mara nyingi msuli wa shingo wa kushoto umekaza: sikio la kushoto huinamia bega, kidevu kikaelekea kulia. Msuli usipolegezwa, siku helmeti ikivuliwa atarudi kulalia palepale.

Kila ukibadilisha nepi, mlaze chali, mkono mmoja uzuie bega la kushoto lisiinuke. Mkono wa pili ugeuze uso polepole hadi kidevu kikaribie bega hilo. Hesabu hadi 30, mpumzishe, rudia mara 3. Kisha inamisha sikio la kulia kuelekea bega la kulia, vivyo hivyo. Akilia au akikaza mwili, achia. Ukilazimisha naye anashindana nawe. Fizio akuonyeshe kwanza kwa mkono.

Kitandani, mlaze ili mlango na sauti za watu viwe kushoto kwake. Akiwa macho, alale kifudifudi, leso iliyoviringishwa chini ya kifua, dakika chache chache hadi zitimie 30 au 60 kwa siku. Kumbeba mgongoni kunasaidia sana, ila kagua shavu: wengi hulaza lile lile kila mara. Usingizi ubaki wa chali. Mito yenye shimo katikati achana nayo. FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ilitoa onyo Novemba 2022 kwamba inaweza kumkosesha mtoto pumzi.

Fundi wa viungo saidizi
Kweli, shingo kwanza. Helmeti huzungumziwa pale mishazari miwili ya kichwa (kutoka paji la upande mmoja hadi kisogo cha upande wa pili), ikipimwa kwa kalipa, kifaa chenye taya mbili, inapotofautiana kwa zaidi ya milimita 10 hivi na mazoezi hayajaleta nafuu. Hata hapo, utafiti wa Uholanzi wa 2014 ulikuta waliovaa na wasiovaa wako karibu sawa walipofika miaka 2, ingawa wenye hali mbaya kabisa hawakuhusishwa.

Helmeti haisukumi mfupa. Ganda la plastiki lenye sponji hugusa palipotokeza na kuacha nafasi palipobonyea, kichwa kikue kuelekea huko. Ndiyo maana huvaliwa saa 23 kwa siku, na akishapita mwaka 1 nafuu yake hupungua sana. Wekundu usiopotea saa moja baada ya kuivua maana yake inabana: irudishe ichongwe, usitie pamba. Ikizunguka kichwani, imelegea.

Joto ndilo kazi kubwa huko kwenu. Mvishe fulana moja nyepesi, kofia hapana. Kila siku futa ndani kwa spiriti na uiache ikauke kabisa. Unyevu ukibaki, vipele na harufu vitafuata.

Nesi wa kliniki
Kabla ya yote, mtazame kutoka juu ya utosi. Sikio la kulia likiwa limesogea mbele na paji la kulia limetokeza, ni ulalaji tu. Likivutwa nyuma na chini, kukawa na nundu ngumu nyuma yake, huenda mifupa ya fuvu imeungana mapema. Hapo helmeti haitibu, na inaweza kuubana ubongo unaokua. Omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo mara moja. Beba kitabu cha kliniki, kwa sababu ataanza kwa kuuliza mzunguko wa kichwa tangu azaliwe.