Kaandika "Baroka" kazungushiwa wino mwekundu, mwenzake kaandika "Baraka" kapewa 13. Huu mtihani wa fasihi ya Kiingereza unapima nini?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Niko Tanga, Ngamiani. Nina kiduka cha steshenari: kompyuta mbili, printa, na mashine ya kopi inayokula wino kuliko inavyoniingizia hela. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo haya ninayoyasema sijasimuliwa, yanapita mikononi mwangu kila siku, kurasa kwa kurasa, shilingi mia mia.

Jumanne jioni binti wa dada yangu kaingia dukani na sare ya shule. Yuko kidato cha nne. Kwa kawaida akifika huwa anaparamia stuli na kuanza maneno, safari hii kaniwekea karatasi juu ya kaunta, kanyamaza. Ilikuwa karatasi ya Kiingereza, mtihani wa ujirani mwema. Kwa msioujua, ni shule kadhaa zinaungana, zinatunga pamoja, na walimu wanakaa mahali pamoja kusahihisha kwa mkondo: huyu swali la kwanza, yule la pili, karatasi zinapita kama magunia bandarini. Sitaji shule wala kata, kwa sababu binti bado anasoma pale.

Swali la fasihi lilikuwa na alama 15. Nalileta kwa Kiswahili: kwa kutumia tamthilia mbili ulizosoma, onyesha jinsi mila zinavyomkandamiza mwanamke, hoja tatu kwa kila kitabu. Binti kachagua The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka na Three Suitors: One Husband ya Oyono Mbia. Kapata 4.

Nikasema labda Kiingereza kimemtupa. Nikaketi, nikasoma. Wakuu, nilisoma mara mbili. Kiingereza chake kina makosa yake, nyakati za vitenzi zinamsumbua kama zinavyotusumbua wengi wetu, lakini yule mtoto KASOMA KITABU. Kwa waliokisahau: Sidi ni mrembo wa kijiji cha Ilujinle, Lakunle ni mwalimu kijana anayemtaka bila kulipa mahari, Baroka ni mtawala mzee mwenye wake tele naye anamtaka. Madesa yote ya mjini, yale maelezo ya mkato ya kukariria mtihani, yanasema jambo moja: mahari inamkandamiza Sidi, Lakunle ni mtetezi wa mwanamke, Baroka ni mkandamizaji. Hoja zimekwisha, nenda kalale.

Binti kaandika vingine. Kaandika kwamba anayemdharau Sidi waziwazi ni Lakunle, kwani ndiye anayemwambia kuwa wanawake wana ubongo mdogo kuliko wanaume na kwamba hilo limo kwenye vitabu vyake. Halafu akachomeka msumari ambao mimi, mtu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) niliyesoma tamthilia hii miaka mingi iliyopita, nilikuwa nimeusahau: mwishoni, Sidi akishaangukia mikononi mwa Baroka, Lakunle anasema basi mahari tuisahau kabisa, maana wewe si mwali tena. Binti akauliza, na hapa natafsiri sentensi yake kama ilivyo: "Kama alikuwa anapinga mahari kwa sababu ya heshima ya Sidi, mbona sasa anafurahi kwamba Sidi ameshuka bei?"

Ameshuka bei! Mtoto wa kidato cha nne! Mimi ningempa alama nne kwa sentensi hiyo peke yake.

Kwenye kitabu cha pili akasema Juliette, msichana anayegombewa na wachumba, hawezi kuwekwa kundi moja na mwanamke aliyekaa akilia, kwa sababu ni yeye anayeiba fedha za mahari walizotoa wachumba wawili akampa mpenzi wake aje kumlipia mahari kwa hela hizo hizo. Kandamizo lipo, kasema, ila na ujanja upo.

Pembeni ya aya hizo pana mkwaju wa wino mwekundu na neno moja: SIYO HOJA. Mara tatu.

Hayo ningeyameza. Kila mwalimu na mtazamo wake. Kilichonitoa kwenye kiti ni kitu kidogo sana. Katika ukurasa wa kwanza, jina "Baroka" limezungushiwa duara jekundu, na juu yake msahihishaji kaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Baraka".

Nikamwuliza binti, mwenzako yeyote kafanya swali hili? Kasema ndiyo, rafiki yake kapata 13, na karatasi yake anayo kwenye begi kwa sababu walikuwa wanalinganisha. Nikaiomba. Yule rafiki kaandika Baraka, Baraka, Baraka. Nimehesabu, mara sita. Vyema sita. Hakuna duara hata moja.

Sasa wakuu shikeni viti. Hiyo "Baraka" naijua inakotoka. Imetoka kwangu.

Miaka miwili nyuma mwalimu mmoja wa kujitolea aliniletea madesa yake ya tamthilia, kurasa kumi na moja za mkono, nimchapie. Nikampa kijana wangu wa kuchapa. Kijana huyo hajawahi kusikia mtu anaitwa Baroka, lakini ana binamu wawili wanaitwa Baraka. Akachapa anachokijua. Mimi sikupitia. Mwalimu naye hakupitia. Tukatoa nakala hamsini, zikaisha, tukatoa mia, zikaisha, zikatolewa kopi huko Makorora, Chumbageni, Pongwe, nasikia na Muheza zimefika. Ukurasa wa saba una doa la chai upande wa kulia, kikombe changu kile. Juzi kaja mtoto kutoka shule ya mbali kabisa anataka kopi, kanipa nakala yake: doa lile lile, limeshakuwa jeusi kwa kutolewa kopi ya kopi ya kopi.

Yaani kosa la kijana wangu limeingia kwenye mtihani, likasahihisha jina alilolitunga Soyinka, mtu aliyepewa Nobel mwaka 1986. Na hakuna hata mmoja katika mnyororo wote huo, mtunga swali, mwandika mwongozo wa kusahihishia, msahihishaji, aliyefungua kitabu. Angefungua angeona. Jina liko kila ukurasa!

Alhamisi nikafunga duka nikaenda shuleni. Nilikwenda na ubaya, nisidanganye. Mwalimu wa somo ni kijana mdogo, kanipokea vizuri, "Shikamoo mzee, karibu," akanitafutia kiti. Ubaya ukapungua kidogo. Nikamweleza. Akasoma karatasi ya binti kimya kimya, akatabasamu pale pa kushuka bei. Kisha akasema, "Mzee, hii hatukusahihisha hapa. Na hata ningesahihisha mimi, mwongozo umeshakuja na hoja zake. Nikimpa huyu, wa meza ya pili ananyima, itakuwa vurugu."

Nikamwuliza shule ina nakala ngapi za kitabu. Moja. Iko kabatini, haina jalada, na kurasa za mwisho zimechomoka. Wanafunzi wa kidato cha nne wanazidi mia mbili. Nikamwuliza, mwalimu, wewe umekisoma? Akacheka, akaangalia mlangoni, akasema, "Mzee, tuwe wakweli, mimi nimekifundisha mara nne." Sikuwa na la kuongeza. Akanipeleka hadi getini.

Sasa naona kwenye majibu mmeshaanza. Mkuu mmoja kasema "mwanao kafeli unalaumu mtihani". Soma uzi kwanza. Mwingine kasema watoto hawajui Kiingereza, fasihi wataiwezea wapi. Hapo una hoja nusu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali, karibu zote, zinafundisha kwa Kiswahili, mtoto anafika kidato cha kwanza ndipo anageuziwa lugha ubaoni siku moja, na miaka mitatu baadaye unamtaka achambue tamthilia ya Nigeria na ya Kameruni. Ni kazi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumpa kitabu akihangaike, siyo sababu ya kumpa karatasi za doa la chai azimeze. Binti wangu alikipata maktaba ya mkoa, alikuwa anakaa huko Jumamosi na kamusi. Kuna neno lilimshinda akanipigia simu nikiwa sokoni Mgandini nanunua samaki, nami likanishinda.

Na msiniambie hili ni la Kiingereza tu. Fasihi ya Kiswahili nayo ni hivyo hivyo: dhamira nne, jumbe tatu, falsafa ya mwandishi mstari mmoja. Hapa ni kwao Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani pale Machui mwaka 1909, unaweza kwenda kwa baiskeli na kurudi. Waulize watoto wa mji huu wakutajie kisa kimoja cha kitabu chake chochote. Watakutajia "dhamira".

Kuna aliyeuliza, "sasa ulitaka wapimwe vipi?" Swali zuri. Panda gari hapo stendi, vuka Horohoro, uko Kenya. Karatasi yao ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, inaleta kipande cha kitabu chenyewe, kimechapwa pale pale kwenye mtihani, na maswali yake: nini kimetokea kabla ya hapa, huyu anaposema hivi ana maana gani, tabia yake inaonekanaje, andika sentensi hii upya. Alama 25 kati ya 80. Sisemi Wakenya ni malaika, miongozo ya kununua huko imejaa hadi barabarani. Lakini ukiwekewa ukurasa mbele yako, desa halikusaidii sana. Lazima usome kilichopo.

Swali kwetu lingeweza kuwa jepesi kabisa. Katika ile tamthilia kuna jarida la picha linaletwa kijijini. Sidi kapewa jalada na kurasa za katikati, Baroka kapewa kakona kadogo, tena kwenye kakona hako kapigwa pamoja na choo. Weka kipande hicho, uliza: kwa nini wanakijiji wanacheka, na Sidi anaanza kujionaje baada ya hapo? Mtoto hata kwa Kiingereza cha kuungaunga atakuonyesha kama ameelewa au la. Na ukimwambia mtoto "hoja tatu kwa kila kitabu" huku jibu umeshalitia ndani ya swali, mila zinamkandamiza mwanamke, umemwuliza nini? Umemwomba akubaliane na wewe mara sita.

Mwalimu wetu sisi, Mungu amlaze pema, hakuwa na vitabu pia. Alikuwa na nakala tatu. Kuna mahali katika tamthilia hiyo wanakijiji wanaigiza ngoma ya msafiri aliyepotea na gari lake. Akatutoa nje chini ya mwembe, wanne tukawa magurudumu, tukajiviringisha mavumbini hadi mashati yakageuka rangi. Nilichapwa nyumbani kwa ajili ya shati lile. Hadi leo ukiniamsha usiku nitakusimulia ngoma ile ilivyokuwa.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, mimi ni sehemu ya tatizo. Naiuza ile karatasi. Shilingi 1,100 nakala nzima, na msimu wa mitihani ndiyo inalipa kodi ya fremu. Mke wangu kaniambia usiku ule ule, "Baba nanihii, unapiga kelele na mali yako ipo kwenye droo." Sikumjibu.

NYONGEZA, Jumamosi: Mlioniuliza kuhusu rufaa, hakuna. Mwalimu kijana kaniahidi atalisema kwenye kikao chao, namwamini kidogo. Binti kasema niachane nayo, Novemba atajua la kuandika. Nimemwuliza ataandika lipi. Kasema, "Mjomba, la kupata."

NYONGEZA ya pili, Jumatatu: Jana nimefungua lile faili kwenye kompyuta nikabadilisha kila "Baraka" kuwa "Baroka". Zilikuwa thelathini na nane. Nikachapa nakala mpya ishirini, safi, bila doa la chai. Leo saa saba mchana kaja mvulana mmoja na nakala aliyonunua asubuhi, anataka abadilishiwe. Nikamwuliza ina nini. Kanionyesha kwa kidole.

"Mzee, hii mmekosea jina. Kama ile ya zamani ipo, nipe ile."